Mrejesho: Vifaa vya dharura vya kushonea
Niliomba ushauri kuhusu vifaa vya kushonea vya kuweka kwenye mkoba wa kazini, nanyi mkanijibu kwa ukarimu; nawashukuru. Nilivinunua katika Mtaa wa Biashara, hapa Nairobi: sindano za ukubwa tofauti, pini, vifungo vya shati, mkasi mdogo na uzi wa poliesta, ambao haukatiki upesi kama ule wa pamba. Rangi ni tatu tu, yaani nyeusi, nyeupe na kijivu, kwa kuwa kijivu hujificha vizuri katika vitambaa vingi.

Ushauri ulionifaa kuliko yote ni wa kutunga uzi kwenye sindano mapema, penye mwanga, kwa sababu kutafuta tundu la sindano ndani ya matatu inayoyumba ni adhabu. Kifungo cha koti kilipong'oka kabla ya mkutano, nilikishona huku nimeweka kijiti cha kiberiti chini yake, kama mlivyoelekeza, kisha nikakitoa kijiti na kuzungusha uzi ili ufanye shina fupi kati ya kifungo na koti, na kitambaa kizito kisikunjamane koti linapofungwa. Futi nimeiacha nyumbani. Sioni kazi yake safarini. Zipu iliyoharibika bado ni ya fundi, ingawa pini huisitiri mpaka jioni.