Nimemaliza riwaya ya Henry James lakini woga haujaniisha: niongoze vipi mjadala?

Msomaji wa Umoja:
Hamjambo, ndugu wasomaji. Kikundi chetu cha kusoma, ambacho hukutana Jumamosi katikati ya jiji, kimenipa zamu ya kuongoza mjadala kuhusu *The Turn of the Screw*, riwaya fupi ya Henry James iliyotoka mwaka wa 1898. Baadhi ya wenzangu wameiacha njiani wakilalamika kwamba sentensi zake ni ndefu kupita kiasi na kwamba hakuna kinachotokea. Mimi pia kurasa nyingi zilinichosha. Hata hivyo, usiku ninapopanda ngazi za ploti yetu siku hizi, silitazami dirisha. Kinachonitatiza ni kwamba sijui niliogopa nini hasa. Mwalimu yule kijana anayewalea Miles na Flora katika jumba la Bly anamwona Peter Quint, mtumishi wa jumba hilo aliyekwisha kufa, juu ya mnara, kisha dirishani, lakini Quint hasemi neno wala hamgusi mtu. Nianzie wapi ili tusiumalize muda wote kwa ubishi wa kama mizuka ipo au haipo?

Mwalimu Mstaafu:
Ubishi huo hutauepuka, mwanangu, kwa sababu wahakiki wenyewe wanauendeleza tangu Edmund Wilson alipodai, mwaka wa 1934, kwamba mizuka hiyo imo akilini mwa msimulizi, yaani mwalimu huyo. Afadhali uupe kazi. Waombe wasome kama mahakimu ambao wameletewa shahidi mmoja tu. Katika sura ya 15, mwalimu anamkuta chumbani Bi. Jessel, mwalimu aliyemtangulia ambaye naye amekwisha kufa, na katika tukio hilo mzuka hautamki lolote. Katika sura inayofuata, anamwambia Bi. Grose, mtunza nyumba, kwamba yeye na mzuka huo walizungumza. Somo hili lingenitosha kwa kipindi kizima. Baadaye, kando ya ziwa, Bi. Grose anatazama pale anapoonyeshwa na haoni mtu.

Binti Kasarani:
Kwa heshima zote, Mwalimu, tukiegemea upande huo mno tutaifanya riwaya kuwa kesi ya mwanamke aliyerukwa na akili, na taharuki yote itapotea. Bi. Grose alimtambua Quint kutokana na maelezo ya mtu ambaye hakuwahi kumwona Quint akiwa hai: nywele nyekundu, kichwa bila kofia, mavazi yasiyo yake. Hilo nalo lijibiwe.

Kuhusu woga usio na jina, mimi ningeanzia kwenye barua ya shule. Miles amefukuzwa na barua haitaji sababu, mwalimu amekatazwa na mwajiri wake kumsumbua kwa lolote, na kwa hivyo hana wa kumuuliza. Kila sura inayopita bila jibu humlazimisha msomaji kulijaza pengo hilo kwa uovu anaoujua yeye mwenyewe, na James alieleza katika dibaji yake ya 1908 kwamba hayo ndiyo aliyokusudia. Ule mwendo wa pole unaowaudhi wenzako ndio unaoifanya kazi hiyo. Waulize tu walidhani Miles alifanya nini, halafu nyamaza uwasikilize.

Mzee wa Vitabu:
Nyongeza fupi. Hadithi hii ilichapishwa kwanza kwa vipande katika jarida la Marekani, *Collier's Weekly*, kuanzia Januari hadi Aprili 1898, kwa hivyo walioishiwa na pumzi wajaribu kusoma sura mbili mbili. Isitoshe, inafunguliwa na watu waliokaa karibu na moto wakati wa Krismasi wakimsikiliza mmoja wao, Douglas, akisoma maandishi ya zamani ya mwalimu huyo. Tukio la ziwani lisomwe kwa sauti. Sentensi zile ndefu hueleweka zaidi zikisikika.

Msomaji wa Umoja:
Asanteni sana. Nitaanza na barua ya shule kama alivyopendekeza Binti Kasarani, kisha niziweke sura ya 15 na ya 16 mezani pamoja na maelezo ya Quint, ili kila upande uwe na la kujitetea. Kifo cha Miles nitakichelewesha hadi tumalize chai, kwa maana shosho mmoja wa kikundi chetu ameshaniambia kwamba mwalimu ndiye aliyemuua na kwamba hataki kusikia lingine.