Tupeane uzoefu: kazi ya mizigo Mombasa msimu wa Krismasi, zamani na sasa

Kaunta Mwembe Tayari
Wadau wa mizigo, salaam. Ofisi za kutuma mizigo kwa basi zitaanza kuchukua vibarua wiki ya Jamhuri, na wengi watakaoingia hawajui kazi hii ilitoka wapi. Kila mmoja aeleze upande wake: kaunta, buti, pikipiki, ufungaji. Visa vya nani alimfanyia nani tuviweke kando, tuandike kazi yenyewe.

Naanza na kaunta. Zamani ilikuwa kitabu cha risiti na karatasi ya kaboni, nakala tatu: moja ya mtumaji, moja inasafiri na mzigo, moja inabaki kitabuni. Namba ya risiti na jina la mji viliandikwa kwa kalamu nene ubavuni mwa boksi. Mpokeaji alipigiwa simu na mtumaji, akaja mwenyewe na kitambulisho. Ugumu wote wa Desemba ulikuwa papo hapo kaunta: foleni, kuandika, kupekua lundo. Kaboni ikichakaa, nakala ya pili haisomeki, mzigo unafika Nairobi hauna mwenyewe.

Leo stika inachapwa kwa mashine na mpokeaji anapata ujumbe. Foleni imepungua, lakini mpokeaji naye haji tena, anataka aletewe mlangoni. Uzito wa msimu umehamia huko, na makosa yamehama nao. Tarakimu moja ya simu ikikosewa, zamani mtumaji alikuwa na risiti yake na mambo yakaisha. Sasa ujumbe wenye namba ya kuchukulia mzigo unamwendea mtu baki. Kwa hivyo usimsomee mtumaji namba aitikie "ndiyo". Mwambie yeye aisome kutoka kwenye simu yake, wewe ukifuata kwa macho kwenye skrini, kabla hujachapa.

Mama Stika
Kuhusu stika, vibarua wafundishwe jambo hili siku ya kwanza. Karatasi ile haina wino. Inaandikika kwa joto, na kwa joto inaharibika. Boksi likilazwa kwenye sehemu ya buti iliyo karibu na injini, stika inafika imekuwa ya kijivu au nyeusi kabisa. Likiachwa juani uani, maandishi yanafifia. Mafuta, manukato na dawa ya kutakasa mikono pia huyaharibu. Selotepu juu yake nayo ina shida: gundi ya baadhi ya selotepu hula maandishi, na mng'ao wake huizuia mashine kusoma ile mistari ya barkodi.

Bandika sehemu bapa, kamwe si kwenye pembe, maana mistari ikikunjika haisomeki. Boksi lipanguswe kwanza. Unyevu wa hapa Pwani peke yake unatosha kuibandua. Na ile kalamu nene msiitupe. Andika tarakimu nne za mwisho za namba ya mzigo na jina la mji kwa mkono upande wa pili wa boksi. Stika ikifa, boksi bado linajulikana.

Hamali wa Buti
Kaunta, hapo sikubaliani nawe kidogo. Kazi ya buti haijapungua, imekuwa ngumu zaidi. Desemba basi hujaa pande zote mbili: wageni wa bara wanashuka Pwani kupumzika, na watu wa bara wanaofanya kazi Mombasa wanapanda kwenda makwao. Kila abiria ana masanduku yake, na ya abiria hayawezi kubaki nyuma. Kinacholala ni parseli. Ndiyo maana ofisi nyingi sasa hutoa lori la mizigo peke yake wakati wa msimu. Tena basi si la kutegemea moja kwa moja. Mwisho wa Desemba 2017 safari za usiku za mabasi zilisimamishwa ghafla, na Desemba 2020 kulikuwa na kafyu ya saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri.

Upakiaji: cha kushuka mwisho kinaingia kwanza. Mzigo wa Nairobi ndani kabisa, wa Mtito Andei ufuate, wa Voi mlangoni. Ukikosea mpangilio huo, utingo atateremsha nusu ya buti Voi usiku akiwa na tochi ya simu, na hapo ndipo boksi la mtu linasahaulika chini. Mizigo ya Kisumu na Eldoret inayobadilisha gari Nairobi isitawanywe. Itie kwenye gunia moja, lifungwe kwa lakiri yenye namba, na idadi iandikwe nje: "vipande 14". Anayepokea Nairobi anahesabu 14 kabla ya kutia sahihi. Bila idadi hiyo, kipande kikipotea kila ofisi itasema kilipotelea kwa mwenzake.

Boksi zito chini, jepesi juu, hilo kila mtu analijua. Lisilojulikana sana ni kwamba boksi lisilojaa huporomoka hata likiwa na kitu chepesi juu yake. Likijaa ndilo hubeba. Jaza magazeti hadi usisikie kitu kikicheza ukilitikisa.

Kipimo
Nyongeza fupi. Vibarua wengi hugombana na wateja juu ya bei kwa sababu hawajui kueleza uzito wa ujazo, yaani kilo zinazohesabiwa kwa nafasi ambayo boksi linachukua. Pima urefu, upana na kimo kwa sentimita, zidisha, gawa kwa 5000 (wengine hutumia 6000, uliza ofisi yako). Boksi la 60 × 40 × 40 ni 96,000, ukigawa kwa 5000 unapata kilo 19.2. Hata likiwa na mito ya kilo 4 ndani, litatozwa kama kilo 19 na kitu. Mwonyeshe mteja kwenye kikokotoo. Na umwambie akitumia boksi dogo atalipa kidogo, hiyo ni haki yake kuijua.

Samaki Bara
Mimi nazungumzia vyakula, maana Desemba Mombasa inapeleka bara samaki, maembe, halwa, achari na mafuta ya nazi.

Samaki asipokelewe akiwa na barafu ya vipande inayoyeyuka. Agandishwe saa 24 hadi awe mgumu kama jiwe, afungwe gazeti tabaka tatu nne, kisha plastiki nzito, kisha kasha la povu lililozibwa selotepu mzunguko mzima wa kifuniko. Kasha lijae, nafasi tupu ndiyo inayoyeyusha. Lisafiri na gari la jioni, likae sakafuni, lisiwe juu ya boksi la mtu mwingine. Kabla ya kulipokea ligeuze kidogo juu ya kipande cha katoni kikavu kwa dakika moja. Katoni ikilowa, mrudishie mwenyewe. Tone moja la maji ya samaki likiingia kwenye boksi la nguo, ofisi italipa nguo.

Maembe yatumwe yakiwa magumu, kwenye boksi lenye matundu, kila moja na kipande chake cha gazeti. Usiyatie mfuko wa plastiki, yataungulia humo kwa jasho lake.

Mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Yanatoka hapa yakiwa maji, yanalala kwenye baridi ya bara, yanafika meupe magumu, mpokeaji anapiga simu kwamba ameuziwa kimbo. Kaunta imwambie mtumaji mapema amweleze mwenziwe. Chupa isijazwe hadi mdomoni, na kifuniko kifungwe selotepu.

Boda wa Kisauni
Haya, mlangoni sasa. Nyumba za hapa hazina namba. "Kisauni karibu na msikiti" si anwani, misikiti iko mingapi? Mpigie mteja kabla hujatoka ofisini, si ukiwa umefika stejini. Uliza mambo matatu: steji ya karibu, jengo linaloonekana, na nani atapokea kama hayupo. Mji wa Kale tuktuk haipenyi vichochoro vya ndani, kwa hivyo mizigo ya huko ipangwe ya kubebeka kwa mkono au mkokoteni.

Mizigo ya Likoni na Mtongwe ikusanywe, ivuke kwa safari moja kati ya saa nne asubuhi na saa tisa. Asubuhi na jioni kivuko hakina nafasi. Lori la mzigo mwingi wa Diani lipitie barabara ya Dongo Kundu, lisiingie kisiwani kabisa.

Malipo ya mlangoni: usiamini ujumbe ulio kwenye simu ya mteja, subiri wa ofisi. Pesa iingie kwenye till ya kampuni, si kwenye namba yako. Mtu aliyekutumia wewe binafsi anaweza kuomba pesa irudishwe ukiwa umeshaacha mzigo na kuondoka.

Dada wa Ajira
Vibarua wajue na hili. Chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja kwa jumla ana haki ya kuhesabiwa kama mwajiriwa wa mwezi. Na kifungu cha 27 kinampa kila mfanyakazi siku moja ya kupumzika katika kila saba, Desemba ikiwemo. Weka daftari lako: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, jina la msimamizi. Wanaolipwa kwa kila parseli waandike na idadi waliyopewa asubuhi na waliyorudisha jioni, msimamizi atie sahihi siku hiyo hiyo.

Mgeni wa Mtwapa
Ahsanteni. Swali: mzigo wa kufika Kisumu tarehe 24, niupokee mwisho lini?

Hamali wa Buti
Tarehe 20, ndugu yangu. Siku moja njiani, siku moja ya kubadilisha gari Nairobi, siku moja ikilala, na moja ya kumtafuta mwenyewe. Anayeuleta tarehe 22 mpokelee, lakini uandike kwenye risiti "baada ya Krismasi" na umsomee kabla hajalipa.