Bamama ba Goma, muache kupiga batoto lavema ya pilipili (kuingiza maji ya pilipili ku matako) bakiharisha!!

Niko na hasira, nitaandika yote, mwenye hataki kusoma apite.

Mutoto ya dada yangu iko na miezi 14. Juzi Jumatano alianza kuharisha maji maji, mara sita kabla ya saa sita ya muchana. Mimi nilikuwa Birere ku kazi. Narudi nyumbani nakuta jirani yetu, mama mukubwa mwenye tunaheshimu sana, amelaza mutoto ku magoti, matako juu, pware, ule mupira ya kupigia lavema, iko mu mukono, ndani maji ya vuguvugu na pilipili ya kutwanga na majani sijui gani. Eti tumbo iko chafu, inafaa uchafu yote itoke. Mutoto analia mupaka sauti inakatika na dada yangu njo anamushika miguu!!

Tumbo haiko bido ya maji ya kusuuza jamani. Musikilize. Mu matumbo ya mutu mukubwa kila siku inapita maji kama litri 9, mbili tu hivi njo amekunywa na kula, zingine zote mwili wake mwenyewe njo umemwanga mule, mate, maji ya tumbo, nyongo yenye inatoka ku maini, maji ya kongosho, halafu utumbo mwembamba wenye urefu wa mita 6 hivi unarudisha sehemu kubwa mu damu, utumbo munene, mita moja na nusu, unavuta yenye imebakia, ku choo inatoka maji haijazi hata glasi moja. Sasa mutoto akiharisha ile kazi ya kurudisha imeshindwa, yenye unaona mu kitambaa ni maji ya mwili wake, na wewe unaleta pilipili unachoma ngozi ya utumbo munene, ile ile yenye ilikuwa inajaribu kuokoa kidogo. Unasafisha nini hapo??

Saa moja ya jioni alikuwa analia bila machozi. Macho imeingia ndani, utosi umebonyea, nikafinya ngozi ya tumbo nikaachilia, ikabaki imesimama sawa kitambaa. Nilipanda moto (pikipiki) na yeye mu kifua, barabara ile ya mawe munaijua. Ku hopitali bakamutia serumu ku mushipa usiku muzima. Ameamuka, Mungu asifiwe, lakini ilibakia kidogo.

Na bado! Jirani alikataza titi siku nzima, eti maziwa inaongeza kuharisha. Uongo. Mutoto mwenye anaharisha ananyonya zaidi, anakula kidogo kidogo. Na hawa benye kuuzisha dawa ku kartye (mutaa), pware banauza sawa biskuti, hakuna mwenye anauliza ni ya nani na juu ya nini, sashe ya SRO (unga ya sukari na chumvi ya kuchanganya na maji, juu ya kuharisha) ukiomba anakuambia imeisha!

Sisi ba Goma tunasahau vipi? Mwaka 1994 kolera iliua bakimbizi maelfu na maelfu hapa kwetu, juu ya maji kutoka mu mwili. SRO inasaidia juu ku ukuta wa utumbo mwembamba sukari na chumvi zinaingia pamoja na zinavuta maji nyuma yao, na ule mulango hata kolera haiufunge. Sashe ikikosa: maji litri 1 ya kuchemsha na kupoa, sukari vijiko vidogo 6, chumvi NUSU kijiko kidogo, yote ya kusawazisha, bila kilima, chumvi ikizidi ni hatari. Umupe kijiko kwa kijiko, akitapika ungoje dakika 10 uanze tena. Na zinki, siku 10 mupaka 14, hata kama kuhara imesimama. Akilegea ao choo iko na damu, mukimbie ku hopitali, musingoje asubuhi.

Mama mukubwa hatusalimiani tangu Jumatano. Pware yake nilikata na kisu vipande viwili. Pesa yake nitamurudishia, lakini ingine simununulie.