Kwadi ya mtoto wa miaka 8: Yamaha 50 mpya, Honda 90 ya mtumba, au ya Kichina ya kwenye boksi?

BabaJunior_Texas

Wakuu, salaam. Naomba mnisaidie kabla sijatoa hela mfukoni. Tunaishi nje ya Fort Worth, tuna ekari tatu za nyasi na vichaka, sehemu kubwa ni tambarare. Kijana wangu ana miaka 8, kilo 29, mrefu kidogo kuliko wenzake. Tangu watoto wa jirani waanze kuendesha kwadi (zile pikipiki za magurudumu manne, ATV kwa Kiingereza), hapa nyumbani hatupumui. Mama yake amekubali kwa shingo upande, kwa sharti nisilete "dude la watu wazima".

Nimechuja zimebaki tatu. Kuna Yamaha YFZ50 mpya ya dukani. Ukiweka kodi na zile gharama za makaratasi inakaribia dola 3,000. Kuna Honda TRX90X ya 2014 ya mtu binafsi, anataka 1,700, anasema aliyekuwa akiendesha ni binti yake tu na sasa yuko chuo. Halafu kuna ya Kichina, cc 125, mpya, inauzwa mtandaoni dola 900 na kitu, inaletwa kwenye boksi unajifungia usukani na matairi mwenyewe. Ina rimoti ya kuzima injini ukiwa mbali, na hiyo ndiyo iliyonivutia.

Moyo unaniambia Honda. Nyie mnasemaje?

MzeeWaGereji (Naivasha)

Ndugu yangu, mimi natengeneza kwadi za hoteli na za mashamba huku, za wakubwa na za watoto. Naanza na hiyo ya boksi kwa sababu ndiyo wengi huikimbilia.

Injini yake usiiogope. Nyingi ya hizo cc 110 na 125 zina injini ya kulala iliyoigwa kutoka pikipiki ya Honda Cub, na vipuri vyake ni rahisi kupata. Shida iko kwingine. Fremu unakuta imechomelewa kwa haraka, beringi za magurudumu zina grisi ya kulamba tu, breki za mbele zinavuta upande mmoja. Ikifika kwenye boksi, wewe ndiye unakuwa fundi wa kiwanda. Mtu anafunga usukani na matairi, anapiga selfu, inawaka, furaha, mtoto juu. Nati za tairodi, ile fimbo inayounganisha usukani na gurudumu la mbele, hajazigusa. Tairodi ikichomoka, gurudumu moja la mbele linageuka linakotaka. Rimoti yako itazima injini, ndiyo, lakini gurudumu halitanyooka.

Mtu akiinunua na kuifungua yote, akaikaza upya nati moja moja na kupaka grisi, inaweza kumtumikia. Lakini cc 125 kwa mtoto wa kilo 29? Hapo tumeshatoka kwenye suala la mpya na mtumba.

NesiMinneapolis

Naandika kama nesi wa wodi ya dharura na pia kama mama, kwa hiyo mtanisamehe nikiwa mkali.

Kwanza ujue kwamba chama cha madaktari wa watoto wa Marekani (AAP) kinasema mtoto chini ya miaka 16 asiendeshe hizi kitu kabisa. Najua hutasikia, wazazi wengi hawasikii, basi angalau shika viwango vilivyopo. Kwadi za watoto hapa zimepangwa kwa umri: 6 na kuendelea, 10 na kuendelea, 12 na kuendelea. Ya miaka 6 haitakiwi kuzidi kilomita 24 kwa saa hata ikifunguliwa yote, na ina kidhibiti cha kuishusha hadi 16. Ya miaka 10 inaruhusiwa hadi 48. Pima tofauti hiyo kwa mtoto wa darasa la tatu.

Hiyo Honda 90 lebo yake ni ya miaka 10, na za zamani utakuta zimeandikwa 12. Mwanao ana 8. Kwangu mimi mjadala wa Honda umeishia hapo.

Na hiyo ya mtandaoni: tume ya usalama wa bidhaa (CPSC) imekuwa ikitoa maonyo mara kwa mara juu ya kwadi za watoto za bei rahisi zisizofuata kiwango. Nyingine spidi inapita kikomo, nyingine hazina breki ya kuegeshea. Kiwango hicho ni cha lazima kisheria tangu 2009, si hiari ya muuzaji. Kabla ya kununua chochote, chapa jina na modeli kwenye tovuti ya CPSC uone kama kuna onyo au bidhaa imerudishwa. Kwadi haziko chini ya idara ya usalama wa magari ya barabarani, kwa hiyo ukitafuta kule hutapata kitu.

BwanaShamba_Houston

Dada Nesi nakuheshimu ila naona mnamtisha mwenzetu. Mtoto anakua. Ukimnunulia 50 leo, akifika miaka 10 magoti yanagonga usukani, unaingia tena mfukoni. Chukua Honda, punguza mafuta kwa ile skrubu iliyoko kwenye kidude cha kidole gumba, mtoto ataendesha pole pole kama anavyoendesha ya 50. Kila mwaka unamfungulia kidogo. Wanangu wawili wamekulia juu ya 90 na wako wazima.

NesiMinneapolis

Kaka, skrubu inapunguza spidi. Uzito haipunguzi. TRX90X ni karibu kilo 120, YFZ50 ni karibu kilo 100. Zote mbili zikimlalia mtoto ni balaa, sibishi, lakini kubwa inamlemea hata kabla haijampindua. Kwadi haiendeshwi kwa mikono peke yake: mtoto lazima aweze kuinuka, kuegemea ndani ya kona, kurudi nyuma akiteremka. Mtoto aliyenyoosha mikono ili tu afike kwenye usukani hawezi kufanya hivyo, amekuwa mzigo.

BabaJunior, mpeleke mtoto akaijaribu ikiwa imezimwa. Asimame juu ya vikanyagio: kati ya kiti na mapaja yake kuwe na nafasi ya kama sentimita 8 hadi 15. Akae: viwiko viwe vimekunjwa kidogo. Ageuze usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia, bila mwili kuvutwa kutoka kwenye kiti. Mwisho, vidole vyake vishike mkono wa breki vizuri, si kwa ncha. Hapo utapata jibu lako bila sisi.

BinSeif_Muscat

Assalaam alaykum jamaa. Sie huku Oman msimu wa baridi familia nzima huhamia Bidiya kwenye mchanga, na watoto hawataki jengine ila kwadi. Nataka kuongeza mawili.

La kwanza, bendera. Ule mti mrefu wenye kibendera nyuma watu huudhani pambo. Kwenye matuta ya mchanga mtoto akiwa upande wa pili humwoni, na gari linalopanda upande huu halimwoni pia. Kibendera ndicho kinachotangulia kuonekana. Texas kwenye majani marefu na vichaka naona ni yale yale.

La pili, mtumba uliotoka mchangani usiuchukue kwa macho tu. Fungua sanduku la kichujio cha hewa, kitoe, kisha pitisha kidole ndani ya mpira unaokwenda kwenye kabureta. Kidole kikitoka na vumbi, ujue injini imekula mchanga, na silinda na ringi ndizo zitakazolipa. Muuzaji akose kukuruhusu kufungua, mpe mkono uende zako.

Chapaa_Columbus

Mimi nazungumzia hela maana hakuna aliyeigusa vizuri.

Kwadi za watoto za majina yanayojulikana zina tabia nzuri: familia hutumia miaka miwili mitatu, mtoto anakua, inauzwa. Kwa hiyo soko la 50 za mtumba halikauki, hasa baada ya Krismasi na mwanzo wa kiangazi. Ukinunua mpya, mwaka wa kwanza ndio unaokukata zaidi. Ukinunua ya miaka minne mitano iliyotunzwa, ukaitumia hadi mtoto afikishe 10, unaiuza kwa bei isiyo mbali na uliyotoa. Ile ya boksi ndiyo utaishia kuibembeleza kwa mtu bure.

Kwa hiyo umeweka Yamaha mpya, Honda ya mtumba na ya Kichina mpya, lakini jibu halimo kwenye orodha yako: 50 ya mtumba. YFZ50, au Suzuki QuadSport Z50, hata Polaris Outlaw ndogo. Hiyo hela inayobaki ndiyo ya helmeti, miwani, glovu, buti za kufunika kifundo cha mguu. Helmeti usinunue mtumba, hujui ilishapiga chini mara ngapi. Na jirani akikupa bure ile ya zamani ya magurudumu matatu iliyolala bandani, mshukuru na uiache hapo hapo. Kuuza mpya za aina hiyo hapa Marekani kulisimamishwa tangu miaka ya 1980 na kwa sababu nzuri.

BwanaShamba_Houston

Sawa, 50 ya mtumba siipingi. Ila Honda ya 1,700 ikiwa kweli ilitunzwa, mimi ningeinunua na kuiweka stoo miaka miwili. Hazipatikani kirahisi.

Chapaa_Columbus

Uiweke stoo miaka miwili halafu mtoto wa miaka 8 aipite kila siku bila kuigusa? Labda watoto wa Houston ni tofauti.

BabaJunior_Texas

Wakuu nashukuru sana. Nimempeleka kijana kwa mwenye Honda. Akiwa amesimama nafasi ilikuwa ndogo mno, na breki alikuwa anaifikia kwa ncha za vidole kama alivyosema dada Nesi. Yeye mwenyewe alinuna njia nzima, lakini mama yake alikuwepo, kwa hiyo kura imepigwa.

Sasa nimepata YFZ50 ya 2018, mwendo wa kama saa moja kutoka hapa, dola 1,400. Mwenyewe anasema "inahitaji tu kusafishwa kabureta". Mzee wa Gereji, hiyo kauli niiaminije? Na nikifika pale naangalia nini?

MzeeWaGereji (Naivasha)

Hiyo kauli inaweza kuwa kweli. Petroli ya huko kwenu nyingi imechanganywa na ethanoli. Ikikaa ndani miezi, inageuka gundi kwenye jeti ya kabureta. Kwenye cc 50 tundu la jeti ni dogo kiasi kwamba uchafu wa kuonekana kwa shida unatosha kuizuia isishike silensa, yaani isingurume taratibu bila kuongezewa mafuta. Ikiwa ni hivyo tu, ni kazi ya mchana mmoja. Lakini kauli hiyo hiyo hutumiwa na mwenye injini isiyo na kompresheni. Kwa hiyo usilipe bei ya "inawaka" kwa kitu ambacho hujakisikia kikiwaka.

Ukifika, weka kiganja kwenye injini kabla hajaiwasha. Ikiwa ya moto, ameipasha ili usione ilivyo ngumu asubuhi. Mwambie msubiri ipoe, mnywe chai. Ikiwaka, angalia bomba la moshi: moshi wa buluu unaoendelea ni oili inaungua. Aina hiyo haina gia za kubadilisha, inakwenda kwa mkanda, kwa hiyo ongeza mafuta taratibu usikie kama inashika kwa ulaini au inashtuka na kulia; ikilia, mkanda au roli zake zimekwisha. Hilo si la kukimbiza mtu, ni la kupunguzia bei.

Kisha inyanyue mbele, shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Ulegevu hapo ni beringi au boljointi. Shika kushoto na kulia, utikise tena: hapo ni tairodi. Nyuma nako fanya hivyo hivyo kwenye ekseli. Lala chini uangalie pale mikono ya chuma ya magurudumu ya mbele inapoungana na fremu, na pale vikanyagio vilipochomelewa. Rangi mpya mahali padogo, ilhali kwingine kote imechubuka, ni ya kuulizia. Piga picha namba ya fremu, ilingane na karatasi za umiliki.

Ile kamba ya kuzima injini inayoshikwa na mzazi au kufungwa kwa mtoto, ivute injini ikiwaka. Isipozima papo hapo, hiyo ni kazi ya kwanza kabla ya kabureta. Nayo skrubu ya kudhibiti mafuta, wauzaji wengi huitoa na kuitupa. Irudishe.

NesiMinneapolis

Na abiria hapana. Wadogo zake wataomba kupanda nyuma, na yeye atawapakia ukigeuka tu. Kiti kirefu ni cha mwendeshaji kusogea, si cha watu wawili. Tafuta pia mafunzo ya ATV Safety Institute, wana wakufunzi majimbo mengi. Mtoto humsikiliza mgeni mwenye filimbi kuliko baba.

Juma_Kigoma_Boise

Samahani naingilia, mimi wangu ana miaka 8 pia ila uwanja wetu ni mdogo na jirani ni mkorofi wa kelele. Zile za umeme zinafaa?

Chapaa_Columbus

Razor Dirt Quad ni ya miaka 8 na kuendelea, inakwenda kama kilomita 13 kwa saa, chaji inakaa kama dakika 40. Kwa uwanja mdogo inatosha. Ya mtumba hesabu kabisa bei ya betri mpya: ni za risasi, na zikiachwa majira yote ya baridi bila chaji zinakufa.

BabaJunior_Texas

Swali la mwisho: barabara ya kuingia kwetu ni lami, kama mita 150 hivi, hakuna magari. Anaweza kuanzia hapo ajifunze?

MzeeWaGereji (Naivasha)

Hapana, hata kama hakuna gari hata moja. Kwadi za watoto hazina difu. Ekseli ya nyuma ni chuma kimoja, magurudumu yote mawili yanazunguka sawa. Kwenye kona, gurudumu la nje linatakiwa kwenda mbali zaidi kuliko la ndani, na kwenye udongo linateleza kidogo mambo yanakwisha. Lami haimpi nafasi ya kuteleza: inashika, kwadi inang'ang'ania kwenda mbele, mtoto anaongeza kukata usukani, inanasa ghafla na kunyanyuka upande. Muanzishie kwenye nyasi.

Na matairi yake yanataka upepo kidogo sana, kama psi 3 hivi, tazama namba kwenye lebo. Kipimo cha kituo cha mafuta hakisomi chini kiasi hicho. Nunua cha kwadi, ni dola chache, na upime matairi yakiwa ya baridi. Upande mmoja ukizidi mwingine, itavuta pembeni na utadhani ni tairodi.