Naombeni ushauri: wanafunzi hawataki kabisa kusoma vitabu

MamaRafu: Habari zenu wakuu. Nafundisha Kiswahili sekondari ya kata, na mwaka huu nimekabidhiwa maktaba. Sijasomea ukutubi, nilipewa funguo tu nikaambiwa simamia. Watoto hawasomi, hasa Kidato cha Kwanza. Wakiingia macho yote mlangoni. Nimepanga vitabu upya, nimehimiza mstarini mpaka sauti imekauka. Ukaguzi unakuja na daftari la kuazima ni jeupe. Nisaidieni, hata usingizi sipati.

BabuWaBweni: Pole mwalimu. Simu ndizo zimewaharibu. Sisi tuligombania jarida la Sani mpaka linachanika, kina Lodi Lofa na Ndumilakuwili. Mwenye nakala anakukodisha kwa andazi. Njaa nimelala nayo sana kwa ajili ya katuni.

Kinyozi_Mbeya: Fimbo mlangoni. Watasoma mpaka kamusi.

Mkutubi_Mstaafu: Mwalimu, kazi hii nimeisomea Bagamoyo, chuo cha ukutubi. Nijibu kwanza: vitabu ni vya lugha gani? Wanaruhusiwa kwenda navyo nyumbani? Na mtoto huwa anaingia humo kwa sababu gani?

MamaRafu: Vingi ni vya kiada, na maboksi ya msaada kutoka Uingereza. Vya Kiswahili vichache. Kuazima ruksa.

Mkutubi_Mstaafu: La tatu umeliruka.

MamaRafu: Sawa. Wachelewaji, na wanaokamatwa wakiongea Kiswahili, wanaletwa maktaba kunakili kurasa za Kiingereza. Lakini utaratibu huo nimeukuta, na ni afadhali kuliko kufyeka nyasi juani. Angalau wanashika kitabu. Tena nimeshakubaliana na mkuu: muhula ujao kila mmoja ataandika muhtasari wa kitabu kila wiki, kwa alama.

DadaWaPwani: Mwalimu wa Kiswahili, na anayeongea Kiswahili anatumikia adhabu kwako? Mtoto kasoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, Januari tu anageuziwa lugha, halafu mnashangaa anakimbia vitabu. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili akiwa madarakani. Yeye hakuona kinatia aibu.

JichoKali: Wakuu mnachezewa. Akaunti ya jana, sekondari ya kata, maktaba, na maboksi ya Uingereza juu? Huyu anaandika andiko la kuombea fedha za wafadhili, anatukusanyia maoni bure.

Kinyozi_Mbeya: Duh, kweli. Weka picha.

MamaRafu: Picha siweki, shule itajulikana. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya maabara. Boksi la kwanza nililofungua lilikuwa na kitabu cha kutunza farasi kipindi cha theluji. Nani atunge hicho?

BabuWaBweni: Hapo namwamini. Hata kwetu ililetwa misaada ya namna hiyo, vikaishia kufungia karanga.

JichoKali: Mimi bado. Mwalimu gani ana muda wa kujibu saa nne asubuhi?

DadaWaPwani: Mwenye kipindi huru. Tumwache aongee na Mkutubi.

Mkutubi_Mstaafu: Awe mkweli au atunge, shule kama hiyo nazijua. Mwalimu, ondoa adhabu humo kabla ya kitu kingine chochote. Mtoto aliyeletwa maktaba kama mkosaji hawezi kurudi kesho kwa hiari. Vitabu vya farasi weka nyuma. Mbele weka hadithi fupi za Kiswahili, magazeti ya michezo, habari za Simba na Yanga, majalada yaangalie mlangoni. Wasomee kwa sauti, ukifika penye utamu funga, mwambie anayetaka kujua mwisho aazime. Tena asimamie daftari yule mtoro sugu, mpe cheo. Kitabu kikimchosha aruhusiwe kukirudisha hajakimaliza. Na muhtasari wa alama uache: mtoto atanakili maneno ya nyuma ya jalada, na wewe utasahihisha usiku kucha.

MamaRafu: Adhabu nitaongea na mkuu leo. Ila muhtasari nimeshautangaza mbele ya shule nzima, nikirudi nyuma watanidharau.

Mkutubi_Mstaafu: Basi wausimulie kwa mdomo, mbele ya wenzao, kwa Kiswahili. Bila alama.

MamaRafu: Hilo naliweza. Mwalimu wa Kiingereza atanuna, lakini funguo ninazo mimi.