Ndege za sarakasi juu ya Arusha: tukubali au tukatae?

Wakuu, habari za jioni.

Jana kijiweni kwetu Kisongo hoja ilikuwa ule uwanja mpya wa mpira wa Olmoti, wa AFCON ya 2027. Jamaa mmoja akasema siku ya sherehe waletwe marubani wa sarakasi wapindue ndege juu ya umati na kumwaga moshi wa rangi za bendera. Watu wakapiga makofi. Nikauliza: na ikianguka? Akanijibu huku anatafuna kashata, "Rubani si kajitakia?"

Hilo "kajitakia" ndilo limenikosesha usingizi. Kuna aliyejitakia kweli: Art Scholl wa Marekani, gwiji wa fani hii. Mwaka 1985 akiwa kwenye Pitts, ndege ndogo ya sarakasi, akipiga picha za filamu, ndege ilizunguka kama pia ikashindwa kutoka kwenye mzunguko huo, ikazama Bahari ya Pasifiki. Mwili haukupatikana. Aliumia yeye na familia yake. Sawa.

Sasa njooni Shoreham, Uingereza, Agosti 2015. Kwenye maonyesho ya ndege, rubani wa jeti aina ya Hunter alipiga tao la wima, yaani kupanda, kupinduka na kushuka tena. Juu kabisa alifika kama futi 2,700, wakati alihitaji angalau 3,500 ili apate nafasi ya kushuka na kunyooka. Akaangukia barabara ya A27. Walikufa watu 11, wote nje ya uwanja wa maonyesho, baadhi wakiwa ndani ya magari wanapita zao. Rubani alipona. Mwaka 2019 mahakama ikamwachia huru. Nani hapo alijitakia?

Halafu Kisongo si pwani. Uwanja wetu wa ndege uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Saa nane mchana, jua la Januari, hewa ni nyepesi: injini inapungua nguvu, na ndege inayotoka kupiga mbizi inakula nafasi kubwa zaidi kabla haijanyooka. Mimi huziangalia zile ndege ndogo za Caravan za watalii, zikibeba watu mchana zinakimbia mpaka unaanza kuzisukuma kwa macho.

Msimamo wangu: sarakasi juu ya watu, hapana. Karibuni.

Fundi Bawa: Mkuu, unachanganya mambo. Hunter ni ndege ya kivita ya zamani, ya jeti. Pitts hata ikijazwa mafuta haifiki tani moja. Na rubani aliyefundishwa sarakasi ndiye anayejua kuitoa ndege ikianza kuzunguka, maana ameshapinduka mara mia akiwa na mwalimu. Mkikataza kila kitu mtabaki na marubani wanaojua kwenda mbele tu. Weka kimo cha chini kisichovukwa, weka mstari wa watazamaji, Mamlaka ya Usafiri wa Anga isimamie. Basi.

Mama Pasua, Moshi: Mimi si mtaalamu, ila nimefika Ngorongoro nikaliona kaburi la Michael Grzimek, yule Mjerumani mtafiti wa wanyamapori, pale ukingoni. Januari 1959 huyo hakuwa anapindua kitu, alikuwa kazini na ndege yake yenye milia ya punda, akagongana na tumbusi. Ndege ndogo na tumbusi mmoja tu! Sasa mnataka mtu acheze karibu na ardhi, juu ya mji wenye majalala na ndege wanaozunguka huko juu kutwa? Wanangu hawaendi.

Mleta mada: Mama, hilo la tumbusi sikulifikiria, asante.

Fundi, kuhusu mafunzo nakubaliana nawe kabisa. Wakapindukie huko tambarare kusini ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, juu sana, bila umati, hata kila siku. Sina ugomvi na rubani anayecheza na roho yake. Ila usiniambie "haifiki tani moja" kana kwamba ni kikapu cha ndizi. Kilo 700 zenye mafuta, zikitua kwa kasi hiyo juu ya bati la geji 30, kuna wa kusimulia?

Na huo mstari wa watazamaji unamlinda aliyeingia kwa tiketi. Wale wa A27 hawakuwa nyuma ya mstari wowote. Kwa hiyo nijibu hili: siku hiyo barabara ya Dodoma mtaifunga kuanzia wapi hadi wapi, na saa ngapi? Banda langu la mbogamboga liko pembeni yake.