Kuingia msitu wa Elgon bila kupita getini kutafuta maporomoko: nisaidieni kabla ya Jumamosi

Mwana_Walukuba
Habari zenu wadau. Sisi ni vijana kumi na mmoja wa Jinja, tunacheza mpira pamoja, na kila mwaka tunachangishana tutoke kidogo. Mwaka jana tulikwenda Sipi. Maporomoko yote matatu tuliyaona, ni mazuri sikatai, ila kila ukipiga hatua kuna mwenye shamba wa kulipwa, na picha tulizorudi nazo ni zilezile za kila mtu.

Safari hii kuna jamaa tumempata kwa simu. Anasema ndani ya msitu wenyewe, juu ya Kapchorwa, kuna maporomoko ambayo hayana hata jina. Atatupitisha mashambani, tuingie msituni alfajiri, geti la hifadhi hatulioni wala hatulipi. Elfu thelathini kila kichwa. Nimeshamtumia laki moja ya kumshika.

Nauliza: kwenda na kurudi Jinja siku moja inawezekana? Raba za kawaida zinatosha? Na hili la kukwepa geti lina ubaya gani kama anayetuongoza ni mwenyeji?

Kahawa_Juu
Mimi ni wa huku. Shamba la marehemu babu linaishia kwenye mikaratusi ya mpaka wa hifadhi, kwa hiyo nisikilize vizuri. Nyinyi mkitazama kule juu mnaona miti. Sisi tunaona mpaka. Kuna watu wamehamishwa kwa sababu yake zaidi ya mara moja. Wabenet, wenyeji wa asili wa mlima huu, kesi yao ilifika Mahakama Kuu, wakapata hukumu mwaka 2005, na mpaka leo jambo halijaisha. Sasa wewe unakuja na vijana kumi na mmoja, alfajiri, hamna karatasi, mmepita kwa mlango wa nyuma. Renja akiwakuta hatawaza picha, atawaza mbao na panga. Na huyo jamaa yenu atakuwa wa kwanza kukimbia, kwa sababu yeye njia ya kushuka anaijua.

Maporomoko ya msituni mnayoyataka yapo kihalali. Nendeni kituo cha hifadhi cha Kapkwai, si mbali na Sipi. Kuna mzunguko wa maporomoko ya Chebonet, kama kilomita tano, mnapewa renja wa kuwaongoza. Mkibahatika mnawaona mbega wakiruka na mikia yao myeupe. Ni msitu kabisa, hakuna mtu wa kukuuzia soda.

Siku moja kutoka Jinja, hapana. Mpite Iganga, Tirinyi, Mbale, halafu mpande mlima, mtafika saa nane mchana, na saa nane ndiyo saa ya mvua huku msimu huu. Laleni Sipi, asubuhi mapema muwe Kapkwai.

Mzee_Namatala
Vijana wa siku hizi mnaogopa renja kuliko mnavyoogopa mvua. Mimi miaka ya themanini nilikuwa nikipanda huko kufuata malewa, yale machipukizi ya mianzi ya kula, tunaingia Jumatatu tunatoka Jumatano na mzigo kichwani, hakuna aliyetuuliza kitu. Mlima ni wa Mungu.

Kahawa_Juu
Mzee wangu, heshima yako. Miaka hiyo ulikuwa msitu wa akiba, hifadhi ya taifa imekuja miaka ya tisini. Halafu wewe ulikuwa na kaka zako wanaojua kila kijito. Hawa wanatoka Walukuba kule Jinja, mlima wanauona kwenye kalenda.

Mzee_Namatala
Hapo kwenye kalenda umenishinda.

Gambuti_Kasese
Hayo ya geti wameshayamaliza, mimi nazungumzia miguu. Huku Rwenzori tope linakufika gotini, na wapagazi wetu waliokwenda kwenye barafu mara nyingi utawakuta wamevaa gambuti za sokoni. Elgon si tope la namna hiyo, lakini udongo wake ukinyeshewa ni sabuni. Raba ya mpira wa miguu, ile bapa chini, usiilete. Gambuti ichague inayoshika kisigino, jaribu ukiwa umevaa soksi mbili, na suruali ichomeke ndani ya soksi ya kwanza. Hili la soksi si urembo. Ukikanyaga msafara wa siafu bila kujua, hawaumi palepale. Wanapanda kimyakimya mpaka mapajani, halafu ni kama mtu amepiga filimbi: wote wanauma pamoja. Nimemwona mtu mzima, baba wa watoto, akivua suruali mbele ya mashemeji.

Simu itie kwenye kavera mbili, mifuko ya plastiki. Beba sweta hata kama Jinja mnatoka jasho, ukilowa pale juu baridi haina mchezo. Na kila mtu akate fimbo, ila aikate kijijini kwa ruhusa ya mwenye mti, si ndani ya hifadhi.

Nuru_Tororo
Kaka, naomba nikuambie kuhusu maji yenyewe, kwa sababu naona wote wanaongelea njia. Si Elgon hii, ni kwingine, miaka minne iliyopita. Tulikuwa tumekaa kwenye jiwe chini ya maporomoko tunakula rolex, chapati ya mayai, jua linawaka. Mdogo wangu akasema, mbona maji yamekuwa kama chai ya maziwa? Tukacheka. Kisha yakaanza kuja majani, vijiti, na mlio ukabadilika, ukawa mzito, unausikia kifuani. Mvua ilikuwa inanyesha juu kabisa, tulipokaa hata tone halikuwepo. Tulipopanda ukingoni na kugeuka, lile jiwe halikuonekana tena. Begi langu na kitambulisho vilikwenda. Aliyetupeleka alikuwa amelala kwenye nyasi, tulimwamsha sisi.

Watu wa Mbale hawahitaji kuambiwa, wanaukumbuka mto Nabuyonga ulivyofurika Julai 2022. Kwa hiyo maji yakibadilika rangi, simama, usiulize mtu. Na msivuke kijito kwa kurukia mawe yenye ukoga, afadhali ulowe magoti.

Mwana_Walukuba
Nimesoma yote, asanteni. Nimempigia jamaa nikamwambia tunataka tupite getini na renja, yeye aje tu kama mwenyeji wetu, hela yake tutampa. Akasema atanipigia. Tangu jana simu yake haipatikani.

Gambuti_Kasese
Hiyo laki isomee Al-Fatiha.

Mwana_Walukuba
Wadau, marejesho. Tulikwenda tukiwa tisa, wawili waliposikia habari ya siafu walipata harusi ghafla. Tulilala Sipi, asubuhi Kapkwai, tukapewa renja mmoja, dada, anatembea kama anateremka ngazi za nyumbani kwake. Kwenye Chebonet manyunyu yanakufikia kabla hujayaona maji, na baridi yake inakwenda moja kwa moja kwenye meno. Hatukukaa sana. Kama saa sita na nusu aliinua kichwa, akanusa, akasema tuondoke. Tulikuwa bado tunabishana naye kuhusu picha ya pamoja. Mvua ilitukuta tumeshaingia kituoni, dakika chache tu.

Mmoja wetu alikuja na raba licha ya yote niliyomsomea hapa. Soli ilibaki kwenye tope la mteremko wa mwisho, akaingia kituoni na kavera mguuni.

Kahawa_Juu
Na malewa mlikula?

Mwana_Walukuba
Tulikula Mbale wakati wa kurudi, kwa mchuzi wa karanga. Mwenye kavera ndiye aliyeongeza sahani.

Mzee_Namatala
Mmefika Mbale hamkunitafuta?